Mgongo wa Mwalimu

Zestaponi, Februari. Moshi wa kiwanda
umejilaza juu ya mapaa kama paka mvivu,
na mimi, Nanuli, mwaka wangu wa ishirini na sita wa hesabu,
nahesabu vichwa: thelathini na moja, thelathini na mbili,
na Otia.

Waraka ulikuja na muhuri wa buluu:
kuanzia muhula huu, mtoto huyu ni wenu.
Ukafuatiwa na semina ya siku tatu, chai na biskuti,
kijana mwenye tai akitupigia picha ukutani:
watoto wanacheka, mwalimu anacheka,
hata kiti cha magurudumu kinang'aa kama kinacheka.
Picha ya mwalimu saa nane mchana
hawakuwa nayo.

Otia hasikii. Anasoma midomo.
Hilo nililijua. Nililiandika daftarini, nikalipigia mstari.
Kisha nikaugeukia ubao
nikaeleza sehemu, kiasi juu, asili chini,
nikauambia ubao yote, na ubao ukanielewa vizuri.
Hadi siku niliposahihisha zoezi lake
nikakuta pembeni, kwa penseli isiyochongwa:
*Mwalimu, mgongo wako hauna midomo.*

Nusu ya mwaka ilikwisha kwenda.
Nusu: kiasi moja, asili mbili.

Mkalimani hutoka Kutaisi kila Jumanne,
barabara ikiwa haina barafu,
ujira wake ukiwa umetoka.
Tangu Noeli, juma letu halina Jumanne.

Mama yake Lika alikuja na koti la manyoya:
Mwanangu ana mtihani, nawe unatambaa kama konokono
kwa ajili ya mmoja!
Nilikosa jibu.
Sasa ninalo, saa sita za usiku, kalamu nyekundu mkononi,
jibu zuri, refu, lenye hoja.
Mama Lika amelala.

Nitasema na hili, maana shairi halikaguliwi:
Alhamisi moja niliuona mkono wake juu
nikajifanya natafuta chaki.
Chaki ilikuwa mfukoni.
Mkono ulisimama, ukachoka, ukashuka taratibu,
na vile vidole ndivyo ulimi wake.
Sijawahi kumziba mtoto mdomo
ila siku ile.

Wakati wa mapumziko ananifundisha.
Darasani kwake mimi ndiye wa mkiani,
viungo vyangu vina baridi yabisi, vinatamka kwa kigugumizi.
Nilikusudia kusema theluthi, mikono ikasema jibini.
*Jibini moja ya kumi na mbili ni ngapi?*
Otia akacheka hadi akashika meza.
Lika naye akacheka, akasogeza kiti,
akataka aonyeshwe jibini, kisha mkate, kisha mjinga.

Sasa Lika ana vidole vyepesi kuliko mimi.
Wanasengenya kutoka dirishani hadi mlangoni,
safu nne za madawati katikati,
nami nawakaripia kwa kupiga kelele
bila kelele kupigwa.
Hilo kwenye semina hawakulitaja.

Mkaguzi ameacha fomu.
*Je, mwanafunzi amejumuishwa? Weka alama.*
Kujumlisha nakujua, ndiyo kazi yangu:
thelathini na mbili, ongeza moja,
piga mstari, jibu linakaa chini yake.
Kujumuisha nimetafuta pa kupiga mstari,
sijapaona.
Nimeiweka fomu chini ya kikombe,
ina duara la chai pale penye *ndiyo*
na tone moja pale penye *hapana*.

Kesho ni sehemu zenye asili tofauti.
Huwezi kuzijumlisha zilivyo;
kwanza utafute asili moja, na kuitafuta
ndiko kunakomaliza kipindi.
Nitaandika. Nitasogea kando.
Nitafuta chaki midomoni,
nitageuka,
ndipo nianze kusema.